Mtoto Anayeisukuma Chupa: Mwongozo Kamili wa Kumlisha Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Mtoto anaanza vizuri. Anaikamata chuchu kwa pupa, ananyonya mara kumi, kumi na mbili, kila funda analimeza, na anayemlisha anashusha pumzi: leo atakula. Kisha nyusi zinapanda. Vidole vya mikono vinachanuka. Tundu za pua zinatanuka, maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo, na namba kwenye kipima oksijeni, iliyokuwa 95, inaanza kuteremka: 93, 91, 88. Anageuza kichwa. Anayemlisha, kwa kuwa chupa bado ina nusu, anamfuata na chuchu na kuitikisa kidogo. Mtoto anapaliwa, anakohoa, analia, na mlo umekwisha.

Watu watasema hapendi kula. Mlo kama huu nimeukalia pembeni mara nyingi, na ninachokiona mimi ni mtoto aliyeishiwa pumzi, akasema hivyo kwa nyusi na vidole mapema kabla ya mashine kusema. Asiyeielewa lugha hiyo humlazimisha, na anayelazimishwa leo kesho hulia akiiona chupa tu.

Mwongozo huu ni wa wazazi, walezi na wauguzi wa mtoto wa namna hiyo: mara nyingi njiti aliyekaa wiki nyingi kwenye mashine ya kupumulia, akarudi nyumbani na mapafu ambayo bado hayajapona. Madaktari huuita ugonjwa huo displasia ya bronkopulmonari. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na William Northway na wenzake wa Stanford, Marekani. Mengi ya humu yanamfaa pia mtoto mwenye mapafu dhaifu kwa sababu nyingine. Dozi za dawa, kiwango cha oksijeni na uamuzi wa mpira wa kulishia (mrija mwembamba unaopeleka maziwa moja kwa moja tumboni) vinabaki kwa timu inayomtibu. Wewe unatakiwa uingie kwa daktari ukijua cha kuuliza.

Hatua ya 1: Fahamu kinachogombaniwa kooni

Kooni, hewa na chakula hupita njia panda moja. Kila funda linapomezwa mlango wa hewa hufungwa, na kwa muda unaokaribia sekunde moja mtoto hapumui kabisa. Mtoto mwenye afya hajali: ananyonya, anameza, anavuta pumzi, na mdundo huo unamtoka wenyewe. Huanza kujitokeza kwenye wiki ya 32 hadi 34 ya umri wa mimba, ukakomaa karibu na wiki ya 37 au baada yake. Kwa mwenye mapafu mabovu huchelewa, wakati mwingine kwa wiki nyingi.

Sasa piga hesabu. Anayepumua mara 40 kwa dakika ana sekunde moja na nusu kwa kila pumzi, kwa hiyo funda linapata pa kupenya. Anayepumua mara 70 hana hata sekunde moja kamili. Ama ameze, ama apumue. Akijaribu yote mawili, maziwa yanaifuata hewa.

Ndiyo maana kabla ya mlo unahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, ukitazama tumbo linavyopanda na kushuka. Zikivuka 60, mlo wa mdomoni hupunguzwa au husubiri kidogo. Zikifika 70, wataalamu wengi hawamlishi kwa mdomo, chakula hupita kwenye mpira. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Pumzi za watoto hawa zinakimbia kisha zinatulia, na robo dakika inaweza kukudanganya kabisa.

Hatua ya 2: Usiridhike na sababu moja

Mwaka 2019 wataalamu wa fani mbalimbali walikubaliana tafsiri moja ya kasoro ya kula kwa watoto: mtoto hali kwa mdomo kama inavyotarajiwa kwa umri wake, hali hiyo imedumu angalau wiki mbili, na inaambatana na tatizo la kiafya, la lishe, la ustadi wa kula, au la kihisia na kifamilia. Uzuri wa tafsiri hiyo ni kwamba inakulazimisha kutazama kote kunne. Kwa mtoto wa mapafu, mara chache sababu ni moja.

Muulize daktari kuhusu kucheua na asidi kupanda, ndiyo, lakini usiishie hapo, maana siku hizi kila mtoto anayekataa chupa hupewa dawa ya asidi kama vile hakuna sababu nyingine duniani. Je, aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kufunga mshipa wa karibu na moyo uliobaki wazi baada ya kuzaliwa? Neva inayoendesha uzi wa sauti wa kushoto inapita jirani kabisa na mshipa huo, na ikijeruhiwa mtoto hulia kwa sauti iliyokauka, na zoloto halifungi vizuri anapomeza. Mrija wa mashine ulikaa mdomoni wiki ngapi? Huenda umechimba mfereji kwenye kaakaa, na ulimi haupati pa kuibania chuchu. Anavuta dawa ya steroidi? Chungulia mdomoni: fangasi mweupe kwenye ulimi na mashavu huuma, na watu huufananisha na mabaki ya maziwa. Mabaki ya maziwa yanafutika kwa kitambaa chenye maji, fangasi hung'ang'ania. Baada ya kila dozi ya dawa hiyo, mfute mdomo na uso.

Kuna na mambo madogo yanayosahaulika. Kufunga choo huua hamu ya kula. Upungufu wa damu humchosha. Dawa za kuongeza mkojo, ambazo wengi wao hutumia, hukausha chumvi mwilini, na mtoto asiye na chumvi ya kutosha hakui hata ukimshindilia maziwa. Omba vipimo vya damu vya chumvi hizo vifanywe kwa ratiba, visisubiri aharibikiwe. Uliza pia kama moyo wake umepimwa kwa altrasaundi, kwa sababu shinikizo la juu kwenye mishipa ya mapafu hufanya kila kushuka kwa oksijeni kuwe na hatari zaidi.

Hatua ya 3: Pumzi kabla ya chupa

Kula ni mazoezi mazito kuliko yote anayoyafanya mtoto mchanga kwa siku. Mtoto ambaye oksijeni yake ni 94 akiwa amelala anaweza kuwa 86 katikati ya mlo, na hakuna anayejua kama hakuna aliyepima. Basi omba apimwe katika hali tatu: akiwa macho, akiwa usingizini, na akiwa anakula. Timu nyingi hulenga 92 hadi 95 au zaidi kidogo, lakini lengo la mtoto wako wakuandikie kwenye karatasi. Mara nyingine tiba ya "kukataa kula" huwa ni kuongeza oksijeni kidogo wakati wa mlo na nusu saa baadaye, kwa kiwango alichoandika daktari, kisha kuirudisha. Oksijeni isiyotosha pia hudumaza. Nimeona uzito uliogoma kwa wiki ukaanza kupanda baada ya kanula, yaani mrija mdogo wa oksijeni wa puani, kurudishwa, bila tone moja la maziwa kuongezwa.

Pua iwe wazi. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, na kamasi kidogo tu inamgharimu. Matone mawili ya maji ya chumvi kila upande dakika chache kabla ya mlo hutosha. Kunyonya kamasi kwa mashine kila mara huvimbisha pua na kumfundisha kwamba mtu akisogelea uso wake analeta maumivu. Dawa za kuvuta na mazoezi ya kifua yafanyike kabla ya mlo, si baada, na apumzike kidogo kati ya hayo na chupa. Kuogeshwa pia kunachosha. Moshi wa aina yoyote ndani ya nyumba usiwepo, na chanjo zote apate kwa wakati wake.

Hatua ya 4: Mahesabu ya chakula, na kwa nini kuongeza maziwa tu hakutoshi

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya hutosheka na kalori kama 100 hadi 110 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye ugonjwa huu anahitaji 120 hadi 150, kwa sababu kupumua kwenyewe kunakula chakula chake. Wakati huohuo mapafu yake hayavumilii maji mengi, kwa hiyo daktari humwekea kikomo.

Chukua mtoto wa kilo 4 anayehitaji kalori 130 kwa kilo: jumla 520 kwa siku. Maziwa ya mama yana kalori kama 67 katika mililita 100, hivyo angehitaji karibu mililita 780. Lakini daktari ameweka kikomo cha mililita 150 kwa kilo, yaani 600, ambazo zina kalori 400 tu. Pengo la kalori 120 halizibwi kwa bidii ya mlishaji. Linazibwa kwa kuyafanya maziwa yaleyale 600 yabebe kalori 87 katika kila mililita 100, kwa kirutubisho cha kuongezea maziwa ya mama au kwa maziwa maalumu ya kopo, kwa vipimo vya mtaalamu wa lishe.

Nasisitiza vipimo vyake, si vyako. Kuzidisha vijiko vya unga wa maziwa kiholela hubebesha figo mzigo na kuharisha. Sukari nyingi huongeza hewa chafu ambayo mapafu yanapaswa kuitoa. Na mafuta yanayodondoshewa mdomoni mtoto anayepaliwa yakiingia mapafuni huleta nimonia ya mafuta, ambayo ni ngumu kuitibu. Protini nayo ihesabiwe, kwa kawaida gramu 3 hadi 4 kwa kilo katika miezi ya mwanzo, maana bila protini atanenepa bila kurefuka. Mapafu mapya huendelea kuota miaka ya kwanza ya maisha, na hukua pamoja na urefu. Kwa hiyo pima vyote vitatu: uzito, urefu, mzunguko wa kichwa. Tumia chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2006 kwa umri uliorekebishwa, yaani toa wiki alizowahi kuzaliwa, mpaka afikishe miaka miwili. Katika miezi mitatu ya kwanza ya umri huo, kuongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku ni mwendo mzuri. Lakini mpime mara moja au mbili kwa wiki kwenye mizani ileile. Anayempima mtoto kila asubuhi huishia kumlisha kwa hofu.

Hatua ya 5: Mlo wenyewe

Andaa kabla hajalia. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, na mtoto huyu akilia dakika tano ameshamaliza nguvu ambazo angenyonyea. Anza anapopeleka mkono mdomoni, anapolamba midomo, anapogeuza kichwa akitafuta.

Mlaze kwa ubavu mapajani mwako, sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja, kichwa juu kuliko makalio. Katika mkao huu maziwa yaliyozidi hutoka kwenye kona ya mdomo. Akiwa chali humwagikia kooni, atake asitake. Mikono yake ikutane mbele ya kifua. Ukimfunga kitambaa chepesi, kifua kisibanwe.

Chuchu iwe ya mtiririko wa polepole. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Kuna anayeitoboa zaidi kwa sindano "ili mtoto asichoke". Mtoto huyu anachoshwa na mafuriko. Maziwa yakija haraka analazimika kumeza mfululizo, na kila kumeza kunamnyima pumzi. Igeuze chupa juu chini: yadondoke tone moja moja, yasichirizike. Maandishi ya pakiti usiyaamini sana, kwani "polepole" ya mtengenezaji mmoja ni "haraka" ya mwingine.

Gusa mdomo wa chini kwa chuchu, usubiri afungue mwenyewe. Shika chupa ikiwa imelala, maziwa yakijaza nusu ya chuchu. Tega sikio: kumeza kuna mlio mdogo, na pumzi inayofuata nayo husikika. Akimeza mara tatu hadi tano, inamisha chupa ili maziwa yarudi nyuma, bila kuitoa chuchu mdomoni. Avute pumzi mbili, tatu, nne. Inua tena. Mwanzo wa mlo ndio wenye hatari zaidi kwa sababu njaa inampa pupa. Hapo katiza mara nyingi. Baadaye wengi huanza kujipumzisha wenyewe, na siku ukimwona anaacha kunyonya, anapumua, kisha anaendelea bila wewe kugusa chupa, ujue mdundo unaingia.

Usiikodolee macho mashine. Namba yake huchelewa kwa sekunde kadhaa nyuma ya mwili. Uso hauchelewi. Nyusi zikipanda, macho yakitoka au yakitumbua pembeni, vidole vikichanuka, maziwa yakivuja, koo likitoa mlio wa maji, toa chuchu. Mwinue, atulie, pumzi na rangi zirudi. Ikitokea mara ya tatu katika mlo mmoja, mlo huo wa mdomoni umekwisha.

Kwa anayenyonya titi, kanuni ni hiyohiyo. Mama mwenye maziwa yanayoruka akamue yale ya mwanzo mpaka kasi ipungue, kisha amweke mtoto. Au ajilaze nyuma na mtoto awe juu ya kifua chake, maziwa yapande badala ya kushuka. Wengi wa watoto hawa hupumua vizuri zaidi kwenye titi kuliko kwenye chupa, kwa sababu titi kwa kawaida halimwagi asipovuta.

Dakika 20 hadi 30 ndiyo mwisho. Zikizidi hapo anaweza kuchoma kalori nyingi kuliko anazoingiza. Kilichobaki kipite kwenye mpira kama anao, au kihesabiwe katika mlo ujao kama daktari alivyopanga. Mshike wima nusu saa. Usimkalishe kwenye kiti kinachomkunja tumbo, na usingizini alale chali hata kama anacheua.

Kisha andika mstari mmoja: saa, pumzi kabla ya mlo, mililita, dakika, kilichotokea. Baada ya wiki mbili utaona mambo ambayo kumbukumbu haiyaoni, kwa mfano kwamba milo ya jioni ndiyo mibaya yote, kwa hiyo mdomo upewe kazi asubuhi na mpira upewe jioni.

Hatua ya 6: Kupaliwa kusikosikika

Anayekohoa akipaliwa anajilinda. Wa kuogopewa ni asiyekohoa. Koo lililozoea mirija hupoteza wepesi wa kuhisi, maziwa yakapita kwenda mapafuni bila kishindo. Dalili zake huja kwa mlango wa nyuma: sauti ya kulowa baada ya mlo, kifua kinachokoroma kila siku, nimonia zinazorudi, hitaji la oksijeni ya ziada lisilopungua ingawa miezi inapita, homa zisizo na maelezo. Mtaalamu wa umezaji humtazama akila, na akishuku huomba eksirei ya video, mtoto akimeza maziwa yaliyochanganywa na bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Apelekwe akiwa na chuchu yake na chupa yake, alazwe mkao wake wa kila siku; kipimo kilichofanywa kwa chupa ya kuazima kinapima mlo wa mtoto mwingine.

Mara nyingi marekebisho ni madogo: chuchu ya polepole zaidi, mkao, kukatiza. Kuyafanya maziwa yawe mazito kwa kinenesho, ili yashuke kooni polepole, kuwe hatua ya baadaye, kwa agizo tu. Mwaka 2011 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya dhidi ya kuwapa njiti kinenesho chenye gamu ya zanthani, baada ya visa vya ugonjwa mbaya wa utumbo kuripotiwa. Ukisikia mtu anakupa kinenesho cha kwenye kopo kwa njiti bila daktari kujua, kataa.

Na haya hayasubiri miadi: midomo au ulimi kuwa wa bluu au kijivu, kupumua kunakosimama, kuguna kila anapotoa pumzi, mbavu kuzama kuliko kawaida yake, kulegea na kutoamka kula, kutapika kijani au damu, nepi kavu kwa saa sita hadi nane. Mpeleke mara moja. Akikabwa kabisa na hawezi kulia wala kukohoa, na hajafika mwaka, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mapigo matano katikati ya mabega, mgeuze, mbonyeze mara tano katikati ya kifua, rudia, huku mtu akiita msaada. Akizimia, anza kumpa pumzi na kubonyeza kifua. Jifunzeni hili kwa mikono kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, nyote mnaomlisha.

Hatua ya 7: Mpira wa kulishia si adhabu

Wazazi wengi huupokea mpira wa pua kama hukumu. Mimi nauona kama unaoununulia mdomo muda. Mtoto ambaye chakula chake hakitegemei chupa anaweza kujifunza polepole, kwa mililita 5 za raha badala ya 75 za vita.

Kila kabla ya kulisha, hakikisha mwisho wa mpira uko tumboni. Vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, yadondoshee karatasi ya kupimia asidi, 5.5 au chini yake inaonyesha tumbo. Anayetumia dawa za asidi anaweza kutoa namba ya juu, kwa hiyo uliza mapema ufanyeje. Angalia pia alama ya kipimo puani kama haijasogea. Ile njia ya kusukuma hewa na kusikiliza tumboni haitegemeki, maana mlio husikika hata mpira ukiwa mapafuni. Ukiwa na shaka, usilishe.

Maziwa yashuke yenyewe, bomba likiwa limeinuliwa, kwa muda unaolingana na mlo wa kawaida. Wakati yanashuka mpakate, mpe chuchu tupu anyonye au kidole chenye tone la maziwa kwenye mdomo, ajue kwamba shibe na mdomo ni ndugu. Wanaotapika kila mlo hufaidika maziwa yakienda polepole kwa mashine usiku, na milo midogo mchana.

Ikionekana atauhitaji kwa miezi, timu itazungumzia mpira wa tumboni unaowekwa kwa upasuaji. Mpira wa pua ukikaa sana hukwaruza koo, huziba tundu moja la pua la mtoto ambaye hana pumzi ya kupoteza, na kila ukibadilishwa uso unapata kumbukumbu mbaya. Nimeshuhudia familia zikiahirisha kwa mwaka mzima, kisha zikasema zingeufanya mapema.

Hatua ya 8: Mdomo ulioogopa

Hesabu yaliyoupata mdomo huu: mrija wa mashine, mpira, plasta zilizobanduliwa, mashine ya kunyonya kamasi. Kwa nini ufunguke kwa hiari?

Anzia mbali. Gusa mikono, panda mabegani, shingoni, mashavuni, ukimwangalia. Akijikunja, rudi pale alipokuwa radhi. Siku nyingine ufike midomoni, kisha fizi. Mikono yake mwenyewe ifike mdomoni mara nyingi iwezekanavyo, kwa sababu mkono wake haumtishi. Mara mbili tatu kwa siku, dakika chache, na isiwe wakati wa dawa.

Usimkamate kichwa. Usimwingizie kijiko akiwa analia. Na usijenge mazoea ya kumlisha akiwa usingizini, kwa sababu ingawa mililita zinaonekana, koo lililolala linajilinda vibaya, na akiamka hofu ipo palepale. Mgawanyo wa kazi uwe huu: mtu mzima anaamua kinacholiwa, lini na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kwa mtoto mwenye mpira hilo linawezekana bila hatari, maana shibe imeshashughulikiwa.

Hatua ya 9: Kijiko

Usitazame kalenda pekee. Kichwa kinasimama, anakaa akiegemezwa, anavutiwa na chakula cha wengine, pumzi zimetulia: hapo ndipo, mara nyingi karibu na miezi sita ya umri uliorekebishwa, baada ya mtaalamu kukubali. Wengine hukuta kijiko ni rahisi kuliko chupa, kwani kila kijiko kina mwisho wake na pumzi inapata nafasi.

Kijiko bapa, chakula laini kilichopondwa, kiasi cha ncha. Kiweke juu ya ulimi mbele, usubiri afunge mdomo. Usikipangusie kwenye fizi za juu. Ongeza uzito na chembe hatua kwa hatua, na jitahidi vipande laini visichelewe kupita miezi tisa au kumi, kwa kuwa wanaocheleweshwa mno hugoma kutafuna baadaye. Karanga nzima na vitu vigumu vya mviringo visimkaribie. Achezee chakula, ajipake. Kanula ya oksijeni husafishika.

Hatua ya 10: Kuuacha mpira

Usiguse hatua hii mpaka mambo manne yawepo: mapafu yametulia kwa wiki kadhaa, kumeza kumethibitishwa ni salama, uzito na urefu vina akiba, na yeye mwenyewe anaonyesha hamu. Likikosekana moja, subiri.

Kwa kawaida timu hupunguza kama robo ya kalori za mpira kwa wakati, ikianzia na zile za mchana ili njaa ipate kuzaliwa, huku maji yakibaki kamili. Siku za kwanza huenda asile zaidi hata kidogo. Mtoto ambaye hajawahi kusikia njaa anahitaji siku kadhaa kugundua kwamba ile karaha ya tumboni huondolewa na mdomo. Uzito unaweza kushuka kidogo, kwa hiyo kikomo cha kushuka kiandikwe kabla ya kuanza, pamoja na jina la atakayempima kila wiki. Ukifika kikomo, kalori zinarudi na mnajaribu tena baada ya miezi. Nepi ni kipimo chako cha kila siku: zikipungua, maji yanarudi kwenye mpira leo hii.

Akishakula vyote kwa mdomo, wa tumboni usiung'oe haraka. Mafua ya kwanza yakija atarudi kupumua mara 60 na kuikataa chupa, na mpira ambao haujatumika miezi mitatu utabeba maji na dawa kwa siku tano. Timu nyingi huuacha mpaka apite ugonjwa wa kifua mmoja, au msimu mzima wa mafua, bila kuugusa. Mpaka hapo endelea kuusafisha na kuusuuza kwa maji kila siku.